Kwa baiskeli hadi Mamboleo, barabara ikiwa haijaisha

Ukitema mate ukaona yamekuwa na rangi ya matofali, wazo la kwanza linalokujia ni damu. Nami niliwaza hivyo jioni moja nilipokuwa nimesimama kando ya soko la Kibuye mjini Kisumu, mkono mmoja umeshika usukani wa baiskeli na mwingine umeshika kiuno. Mama mmoja aliyekuwa akifunika nyanya zake kwa gunia alinitazama, akacheka.

"Hiyo si damu, baba. Hiyo ni barabara," akaniambia, kisha akanipa maji ya kusukutua.

Alisema kweli. Lilikuwa vumbi la barabara ya kutoka mzunguko wa Kisumu Boys kwenda Mamboleo, ambayo mapema katika muongo huu ilikuwa ikipanuliwa ili magari yaendayo na yarudiyo yawe na njia zao mbali mbali. Kwa miezi mingi wakazi wa Kondele, Migosi, Manyatta na Mamboleo walienda kazini na kurudi wakipita katikati ya kazi hiyo: kokoto upande huu, mtaro upande ule, greda katikati, na matatu zikitafuta pa kupenya kama ng'ombe waliopotezwa na mchungaji. Makala haya ni ya miezi ile, na ya swali moja nililojiuliza kila jioni. Je, mtu aliyeambiwa afanye mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu, akiendesha baiskeli katika vumbi na moshi wa namna hiyo, anajitibu au anajimaliza?

Mashine haikubadili maneno

Mambo yalianzia katika zahanati moja ya mtaani. Nilikuwa nimempeleka mtoto kwa sababu ya kikohozi, na muuguzi, kwa kuwa mashine ilikuwa mezani, akaniambia nami niweke mkono. Ikasoma 158 kwa 98. Akaniambia nipumzike dakika tano, miguu yote miwili iwe sakafuni, nisizungumze. Akapima tena: 154 kwa 96. Kisha akanitaka nirudi siku nyingine mbili tofauti, kwa maana shinikizo la damu halithibitishwi kwa kipimo cha siku moja. Nikarudi. Mashine haikubadili maneno.

Nambari ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki mishipani moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Ukipimwa mara kadhaa na kila mara ukafikia 140 kwa 90 au zaidi, unahesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa wasiopimwa. Alijua kwamba ana shinikizo siku alipoanguka bafuni na upande mmoja wa mwili ukakataa kuinuka. Ndiyo maana sikubishana na muuguzi.

Nilipewa tembe, moja kila asubuhi. Nikaambiwa nipunguze chumvi, na hasa ile ya kunyunyizwa mezani juu ya samaki ambaye tayari amepikwa na chumvi. Tena nikaambiwa nifanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kumwimbia. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu, mazoezi hayo yakifanywa bila kukatizwa wiki baada ya wiki huweza kuteremsha nambari ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Hayo si mengi, na hayampi mtu ruhusa ya kuacha dawa kwa uamuzi wake. Lakini pointi hizo 8 hazinunuliwi dukani.

Mimi ni mtu wa mezani. Asubuhi nilipanda matatu Mamboleo, mchana kutwa nilikaa, jioni nilipanda matatu tena. Tangu barabara ichimbwe, safari isiyozidi kilomita 7 hadi katikati ya mji ilikuwa ikila saa nzima, na steji ilikuwa leo hapa, kesho pale, kulingana na mahali greda lilipoamkia. Siku moja tumekwama Kondele, makanga amechoka hata kupiga kelele, nikamwona kijana wa mikate akipita kando yetu kwa baiskeli, kreti nyuma, anapiga mluzi. Tulipofika Kisumu Boys tulikutana naye anarudi, kreti tupu.

Jumamosi hiyo nilikwenda kumwona fundi.

Mji unaoijua baiskeli

Kisumu haihitaji kufundishwa baiskeli. Kwa Kijaluo huitwa ndiga, na hakuna kijiji cha kando ya ziwa ambako haijabeba samaki, mgonjwa au bibi harusi. Boda boda yenyewe ni mtoto wa upande huu. Ilizaliwa Busia miaka ya 1960, vijana wakiwavusha watu na mizigo kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda, na jina likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Katika miaka ya 1990 baiskeli zenye kiti cha sponji juu ya karia zilikuwa zimeenea mjini Kisumu. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zikafurika, tuktuk nazo zikajaa, na vijana waliokuwa wakikanyaga pedali siku nzima wakaketi. Kiuchumi walifanya vizuri na simlaumu mtu. Ila mtu aliyekuwa akipanda mlima wa Riat na abiria mgongoni hakuhitaji kuelezwa na gazeti habari za mazoezi.

Mji huu pia umezoea kungoja njia. Reli ilifika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, wakati mahali hapa palipoitwa Port Florence. Reli mpya iliyotarajiwa kuifuata ilifika Suswa mwaka 2019 ikatulia huko kwa miaka, na abiria wa Kisumu wakarudishiwa treni ya reli ya zamani mwezi Desemba 2021. Kuhusu baiskeli, mwaka 2020 ulitayarishwa mpango wa uchukuzi wa mji, serikali ya kaunti ikishirikiana na shirika la ITDP na UN-Habitat, nao ukataka waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wapewe nafasi yao barabarani. Katikati ya mji, penye barabara za Oginga Odinga na Ang'awa, kazi ya kuwapa nafasi hiyo ilianza kuonekana. Ukitoka hapo kuelekea Kondele katika miezi ninayoieleza, nafasi yako ilikuwa ile uliyojitafutia.

Fundi aliniuzia Black Mamba ya mtu mwingine, nyeusi, nzito kama deni. Kabla hajapokea pesa alinipandisha juu yake ameishika, akaniambia niteremshe pedali moja mpaka chini kabisa.

"Goti limenyooka kama mti. Kiti chako kiko juu mno, mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu. Akakishusha mpaka goti likabaki limekunjwa kidogo tu.

Nilidhani ni ufundi wa kujionyesha. Kumbe hilo ndilo jambo ambalo wengi wanaolalamika maumivu ya magoti na kiuno wamelipuuza. Kiti kikiwa chini mno, goti hubeba mzigo likiwa limekunjwa sana na huanza kuuma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huku zikifukuza pedali, na mgongo wa chini hulipa. Wanaume nao wana jambo jingine ambalo huona haya kumwambia daktari, yaani ganzi kati ya mapaja baada ya safari ndefu. Mara nyingi ni pua ya kiti iliyoinuka inayobana mishipa na neva. Kiti kikae sambamba na ardhi, na kila dakika chache uinuke kidogo. Ganzi isipoondoka, au ikianza kuingilia mambo ya nyumbani, badili kiti na umwone daktari.

Njia bora kuliko zote

Sasa nikuambie siri ya barabara isiyokwisha. Kuna kipindi, baada ya udongo kushindiliwa na kabla ya lami kumwagwa, ambapo upande mpya huwa mgumu na laini kama sakafu, na umefungwa kwa mapipa magari yasiingie. Baiskeli inapita kati ya mapipa. Kwa majuma kadhaa kipande cha kati ya Kibuye na Kondele, na kingine kupita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, vilikuwa vyetu. Asubuhi ungewakuta wanafunzi, mafundi wa jua kali na zana zao, akina mama wanaokwenda sokoni, na mzee mmoja wa makamo aliyevaa suti kamili na vibanio kwenye suruali. Alinisalimia kila siku, "Oyawore, jaduong'," ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Hatukuwa na honi wala moshi. Upande wa pili matatu zilikuwa zimepangana, na abiria walitutazama kwa macho ambayo mimi niliyafahamu vizuri.

Hospitali hiyo wakazi bado wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Njia hii basi haikuwa ya wafanyakazi wa ofisini tu. Ndiyo iliyowapeleka wagonjwa wa Nyanza na magharibi kwa madaktari bingwa. Nimemwona mtu amembeba mkewe mjamzito juu ya karia, anaisukuma baiskeli polepole ndani ya njia iliyofungwa, kwa sababu tuktuk waliyokuwa wameikodi ilikuwa haisogei.

Asubuhi njia inateremka kuelekea ziwani na nilitumia dakika 25. Jioni inapanda, nikatumia 35 au 40. Jumla ni kama saa moja kwa siku, siku tano kwa juma. Bila kununua kiatu cha mazoezi wala kulipa ada ya ukumbi, nilikuwa nimefikia zile dakika 300.

Vumbi, moshi na hesabu ya Cambridge

Hapo ndipo lilipokuja suala la mate. Mtu aliyekaa kitini huvuta hewa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akiendesha baiskeli kwa kasi ya wastani, huvuta mara tatu au nne zaidi ya hiyo, tena kwa mdomo, akiipita pua ambayo ndiyo kichujio tulichozaliwa nacho. Kwa hiyo katika barabara moja na kwa dakika zile zile, mimi niliyekuwa juu ya baiskeli nilimeza uchafu mwingi kuliko abiria aliyeketi ndani ya matatu.

Lakini uchafu hauko wa aina moja. Vumbi jekundu unaloliona, lile lililonitisha Kibuye, kwa sehemu kubwa ni chembe kubwa. Hunaswa puani na kooni, hukohozwa, hutemwa. Linakera, linawasha macho, na kwa mwenye pumu linaweza kuleta shambulio. Chembe za kuogopwa zaidi ni zile ndogo zisizoonekana, nyingi zikitoka katika moshi wa injini na wa taka zinazochomwa. Hizo hupita koo, hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia katika damu. Huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi, yaani yale yale niliyokuwa nikiyakimbia. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Aidha, mahali zege na mawe yanapokatwa kwa mashine bila maji hutoka vumbi jeupe la silika, ambalo nalo huharibu mapafu. Ukiliona wingu hilo, zunguka. Wanaoshinda ndani yake siku nzima ni vijana wa mjengo, na wao ndio wanaostahili barakoa kuliko sisi tunaopita.

Je, faida inashinda? Swali hili limepigiwa hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao walilinganisha faida ya kuendesha baiskeli na madhara ya hewa chafu katika miji ya viwango mbali mbali. Waliona kwamba katika miji mingi duniani faida inashinda. Hata katika mji wenye hewa chafu sana, wenye maikrogramu 100 za chembe ndogo katika kila mita ya ujazo ya hewa, madhara yalianza kuipita faida baada ya saa moja na nusu ya baiskeli kila siku. Kumbuka kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi 5. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu zaidi ya 260,000, ukakuta kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma, ingawa huenda waendesha baiskeli wale walikuwa watu wenye afya tangu mwanzo.

Hesabu hizo zilinituliza kiasi. Saa yangu moja ilikuwa ndani ya mpaka. Hata hivyo, hesabu za Cambridge ni za hewa ya mji kwa jumla na za mtu mzima wa kawaida. Hazikupigwa kwa ajili ya mtu anayemfuata nyuma lori la kokoto, wala kwa mtoto mwenye pumu.

Kwa hiyo nilijifunza kulikimbia lori. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla msongamano haujaiva. Siku ambazo gari la maji lilikuwa limenyunyizia, niliipenda barabara. Siku ambazo halikupita, nilikatiza ndani ya Migosi, mbali na foleni, hata kama iliongeza dakika kumi. Kuwa mita chache tu mbali na mabomba ya moshi kunapunguza sana unachovuta. Leso niliyojifunga puani wiki ya kwanza ilinipa sura ya mwizi wa ng'ombe bila faida kubwa, kwa kuwa kitambaa hukamata vumbi nene na kuachilia chembe ndogo. Barakoa ya aina ya N95, zile tulizozijua wakati wa korona, inachuja vizuri zaidi ikibana uso, lakini kupanda Mamboleo umeivaa ni kazi. Ukiona kizunguzungu punguza mwendo, usiivue katikati ya wingu.

Upepo nao una ujanja wake katika mji huu. Alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Maana yake asubuhi nilisukumwa kwenda mjini na jioni nikasukumwa kurudi nyumbani. Ni raha kwa miguu, ila vumbi la lori lililokupita linasafiri pamoja nawe kama rafiki asiyejua kuaga. Dawa ni kusimama dakika moja, liende.

Jua la saa tisa

Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, karibu mno na ikweta, na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Kwenye upande wa barabara usio na mti hata mmoja, kwa sababu miti ilikatwa kupisha upanuzi, joto hilo hutoka juu na chini. Kunywa maji kabla ya kupanda baiskeli, usingoje kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Wanaotumia dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo wamwulize daktari kuhusu kiasi cha maji, na wasishangae wakiona kizungu wanaposhuka ghafla kwenye baiskeli.

Kuna kundi moja ambalo eneo hili la ziwa halina budi kulitaja, nalo ni wenye selimundu. Ugonjwa huo umeenea zaidi upande wetu kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwao ukosefu wa maji mwilini pamoja na kujichosha kupita kiasi huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Si kwamba wasipande baiskeli. Waende polepole, tambarare, na chupa ya maji mkononi, wapumzike kabla hawajachoka, na wakae nje ya jua la saa nane na saa tisa.

Nilipoanguka

Nililipa ada yangu jioni moja ya mvua, giza limeingia mapema. Nilikuwa ndani ya njia yetu iliyofungwa, nimeinamisha kichwa, bila taa. Jana yake njia ilikuwa nzima. Siku hiyo ilikuwa imechimbwa mtaro wa kalavati, na hapakuwa na utepe wala kibuyu cha mafuta cha kuonya. Gurudumu la mbele liliingia, mimi nikaendelea.

Goti lilichanika, kiganja kikachubuka, na kofia ngumu niliyokuwa nimenunua wiki mbili kabla, baada ya kusitasita kwa sababu ya bei, ikapasuka ilipogonga ukingo. Kofia hiyo hupunguza hatari ya jeraha baya la kichwa kwa zaidi ya nusu. Ikishapasuka imemaliza kazi. Usiifunge kwa gundi, na usinunue ya mtumba ambayo hujui ilianguka lini. Aliyenitoa ni kijana wa pikipiki. Yeye mwenyewe kofia yake ilikuwa imening'inia kwenye usukani.

Nilioshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni, nikachomwa sindano ya pepopunda, kwani sikukumbuka niliyochomwa mwisho. Udongo wa barabarani ndio makao ya vijidudu vya ugonjwa huo, na jeraha lenye mchanga halifai kufunikwa kabla halijasafishwa. Usiku ule mke wangu aliambiwa anichunguze. Mtu aliyegonga kichwa akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa, au maji yakimtoka sikioni au puani, hospitali ni usiku huo huo.

Waliofariki katika barabara za Kenya mwaka 2024 walikuwa 4,748, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waenda kwa miguu. Sisi wa baiskeli hatufiki idadi yao. Lakini barabara ikiwa inajengwa, mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli husukumwa kwenye ukanda mmoja mwembamba pamoja na pikipiki zinazokwepa foleni, na njia yao wenyewe ndiyo hujengwa mwisho. Naamini ingejengwa kwanza hata mkandarasi mwenyewe angepata nafuu.

Tangu siku ile niliweka taa mbele na taa nyekundu nyuma. Giza likiingia, nilishuka na kuisukuma baiskeli katika njia iliyofungwa, hata kama asubuhi nilipita hapo salama.

Madimbwi, na kuosha baiskeli

Mambo mawili madogo ya ziwani, kabla sijamaliza. Mashimo ya ujenzi yakijaa mvua huwa madimbwi ya jua, yasiyo na majani, na mbu wa malaria wanayapenda hayo kuliko mto. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au mbili. Dimbwi lililo mbele ya duka lako likidumu Jumapili mbili, limekwisha kuzaa. Lifukieni wenyewe au muombe lifukiwe, na mlale ndani ya chandarua.

La pili ni baiskeli yenye vumbi. Jumamosi kishawishi ni kuipeleka ziwani, kuingia hadi magotini na kuiosha bure. Kisumu inajulikana katika vitabu vya udaktari duniani kwa sababu hiyo hasa: vijana wanaoosha magari wamesimama ziwani walichunguzwa kwa miaka na watafiti kuhusu kichocho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi nzima, bila jeraha, kwa dakika chache. Osha baiskeli nyumbani kwa maji ya mfereji. Ukilazimika kutumia ya ziwa, yaache yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili. Na kama umekwisha kuingia mara nyingi, nenda ukapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Baada ya miezi minne nilirudi kwenye zahanati. Nilikaa dakika tano, miguu sakafuni, kimya. 138 kwa 88. Muuguzi aliandika, akanitazama, akasema tembe inaendelea na nirudi baada ya miezi mitatu. Nilimwuliza kuhusu kifua, naye akasikiliza mbele na nyuma, akakiona safi.

Wiki ile ile mapipa yaliondolewa katika kipande cha karibu na Kondele na magari yakaruhusiwa. Asubuhi nilikuta matatu mbili zimeegeshwa pale tulipokuwa tukipita, na mzee wa suti amesimama kando, vibanio kwenye suruali, akisubiri nafasi ya kuvuka. Tukavuka pamoja, tukisukuma, hadi upande wa pili ambako greda ndiyo kwanza lilikuwa linashindilia udongo.